Nusu Ekari Ndani ya Kijiko

Baba alikuwa akichaji betri pale Luanda,
mkabala na kinu cha posho,
enzi stima ikipita juu ya vichwa vyetu
kama mgeni wa jirani.
Wateja walizileta kwa baiskeli, kwa toroli, begani,
na hamu ya taarifa ya saa moja na fainali ya kombe.
Naye alizipanga chini, akaziandika kwa chaki:
Kisali. Mwalimu Ombima. Mama Kadenyi, hajalipa.

Asidi ilimtoboa mashati yote.
Vitundu vidogo, kingo za kahawia.
Mama alitia viraka hadi akachoka.
"Mimi," alisema, "nimeolewa na chekeche."

Leo mimi Mideva, binti yake,
hapa Maseno, ghorofa ya pili, dirisha lisilofunga,
nalipwa (si sana, wala si kila mwezi)
kutengeneza matundu.

Chumvi ya shaba. Asidi nyeupe kama sukari ya unga. Spiriti, maji.
Nakaza kifuniko cha chuma hadi kiganja kiwake,
nyuzi themanini na tano, usiku kucha.
Mle gizani hamna fundi, hamna kamba ya kupimia,
ila shaba husimama nguzo, asidi hulala fito,
chumba juu ya chumba, mlango ukitazama mlango,
nyumba ambayo karibu yote ni nafasi.
Wajenga nyumba moja hawagombei fito:
mle ni kweli.
Asubuhi nafungua, mchanga wa samawati.

Gramu moja. Haijazi kijiko cha chai.
Lakini ukizikunjua kuta zote za ndani, uzitandaze,
ni nusu ekari.
Nawaza hili mara nyingi,
maana ami zangu, Agoi na Lugadiru,
wako kwa chifu mwaka wa kumi na tatu
kwa ukanda wa shamba ambao ng'ombe akigeuka
mkia tayari uko kwa mwenzake.
Siwezi kuwapelekea kijiko.
Humu hamlimiki. Humu hukaa chaji tu,
zimejibanza ukutani
kama watu kibarazani wakingoja mvua ipite.

Na mvua ndiyo adui wangu.
Huku hunyesha saa tisa, kama karani anayesaini kazini.
Unyevu hupanda ngazi, hauulizi,
huingia chumba hadi chumba, hushika nguzo, hung'oa fito,
na ile zambarau ya kiu niliyoipika kwa siku mbili
hurudi kuwa samawati ya bure.

Duru ya kwanza, kitaa chekundu kiliwaka dakika kumi na moja.
Otiende wa maabara akapiga makofi, mimi nikahesabu.
Duru ya hamsini, dakika nne.
Ya mia, kikakonyeza, kikalala.
Nikaandika: kiunzi kimeporo—
stima ikapotea, kalamu ikabaki hewani.

Jumamosi nikaenda nyumbani.
Baba ana mita ukutani sasa, ananunua tokeni kwa simu,
ila mikono yake bado hukaa wazi, upana wa betri.
Nikamweleza kwa Kimaragoli.
Nikatumia mzinga, nikatumia ghala,
mwisho nikatumia shati lake.
Akauliza lile aliloliuliza kila betri:
"Inashika chaji?"
"Inashika, baba. Haikai nayo."
Akazungusha chai kikombeni, muda mrefu.
"Zangu zilikufa kwa kukosa maji.
Yako inakufa kwa kuyapata.
Itafutie ngozi."

Leo Jumatatu. Nimeyeyusha nta ya nyuki,
nimeipaka nyembamba, nyembamba, isizibe milango.
Huenda imeziba. Otiende anasema imeziba.
Saa nane na robo.
Upande wa Bunyore wingu limeanza kujipanga,
na mimi nashikilia dirisha kwa kiwiko.